Kuku wa Zamu ya Asubuhi

Jumanne, 1 Aprili

Nimekamua. Ng'ombe wangu, Sikukuu, ametoa maziwa kidogo kuliko jana. Nikamwangalia masikio. Kupe wapo, wale wa kahawia, wamejibanza ndani kabisa mahali ambapo kidole changu kinafika kwa taabu. Nimetoa niliowaweza na kuwatupa kwenye kopo la mafuta taa.

Kisha kuku wa jirani yangu, Mama Wairimu, wakaingia kazini. Jua likishapanda juu ya mabati yake, kuku hupita kwenye pengo la ua wa kaiyaba na kuja moja kwa moja kwa ng'ombe wangu. Wanadonoa kupe miguuni, tumboni, hata karibu na kiwele, na wanajua kudonoa pale kwa adabu. Sikukuu hulala chini makusudi ili wamfikie vizuri. Kiwandani Thika, nilikozeekea, tulifanya kazi kwa zamu, kwa hiyo hawa nimewaita zamu ya asubuhi. Msimamizi ni jogoo mwekundu. Mwenyewe Mama Wairimu anamwita Mheshimiwa kwa sababu kazi yake ni kelele na kula.

Watu wa hapa Gitothua, Ruiru, wanasema sisi Waluhya hatuachi kuku, hivyo ni muujiza kuku kuingia kwa Mluhya kila siku na kutoka wakiwa hai. Nimezoea. Nawaambia nawanenepesha.

Mama Wairimu hufuata nyuma ya kuku na kikombe cha turungi, chai isiyo na maziwa. Anasimama kwenye pengo, haingii. Mimi nina maziwa niliyochemsha. Namjazia. Tunaongea mpaka kuku wamalize, kisha anawaita, wanaondoka wote. Leo tumeongea juu ya mvua na jino lake la nyuma. Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yangu ya siku nzima. Yaliyobaki ni redio.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua imeanza kwa kishindo, na kupe nao. Nyasi nakata kwenye shamba la kahawa lililoachwa, kule nyuma. Zamani niliamini ng'ombe anayelishwa bandani hawezi kupata kupe. Upuuzi. Huwa nawabeba mwenyewe kwenye mkokoteni, chini ya nyasi, hadi mlangoni kwake.

Nilinyunyiza dawa Jumamosi iliyopita. Leo wamejaa tena. Nimeenda agroveti, duka la dawa za mifugo, pale Kimbo nikanunua dawa nyingine, yenye picha ya fahali mweusi. Ile ya kwanza ilikuwa na picha ya ng'ombe mwekundu. Kufika nyumbani nimevaa miwani na kusoma maandishi madogo. Ni dawa ileile. Wamebadilisha ng'ombe wa kwenye picha tu. Nimekasirika hadi nikacheka peke yangu. Kucheka peke yako ndani ya nyumba kunatisha kidogo.

Jumapili, 6 Aprili

Kanisani. Mhubiri alisema tumsalimie jirani wa kulia na wa kushoto. Kulia kwangu kulikuwa na ukuta.

Ayub amepiga simu kutoka Eldoret. Kijana wangu ni mzuri lakini ana maswali matatu tu: umekula, umelala, utaenda nyumbani lini? Nyumbani ni Vihiga. Tangu tumzike mama yake kule, watu wote wanashangaa kwa nini nilirudi Ruiru. Nikawaambia ni kwa sababu ya ng'ombe. Mtu hawezi kumpakia ng'ombe wa maziwa kwenye lori mpaka Vihiga kwa barabara ile. Wakakubali. Ng'ombe ni sababu inayoeleweka.

Jioni binti wa Mama Wairimu alikuja na gari kutoka Thika. Wairimu mwenyewe, mwalimu, amejifungua mtoto wa pili na anataka mama yake ahamie kwake Makongeni. Si mara ya kwanza. Mama Wairimu amemjibu kama anavyomjibu siku zote, kwa sauti ya kunifikia mimi huku ng'ambo: kuku atamwachia nani? Binti akasema awauze. Yeye akasema kuku hawa wamezaliwa hapa na kazi yao iko hapa.

Nilifurahi. Naandika kwa sababu hakuna anayesoma. Nilifurahi sana.

Jumatatu, 7 Aprili

Sikukuu amekataa kula. Pua kavu. Mwili unawaka. Chini ya sikio kuna tezi limevimba, nikiligusa anarudi nyuma. Najua hii ni nini. Mzee mmoja kule Kimbo alipoteza mtamba wake kwa ndigana, homa ya kupe, mwezi uliopita, kutoka kuugua hadi kufa hata wiki haikuisha.

Nimempigia daktari wa mifugo. Amefika alasiri, mama mmoja mwembamba mwenye gambuti na haraka. Amempiga sindano. Akasema nimewahi, lakini nisijidanganye. Maziwa nisiuze mpaka atakaponiruhusu.

Akaniuliza nazuia kupe kwa njia gani. Nikamwonyesha chupa zangu mbili na nikamweleza habari za kuku. Hakucheka. Alisema kuku wanasaidia kweli, wanawapunguza, lakini hawaingii ndani ya sikio, na ndigana inakaa kwenye hao wa sikioni. Akasema kubadilisha chupa si kubadilisha dawa, kupe wa huku wameshazoea ile. Nipande nyasi za molasi kuzunguka banda, harufu yake kupe hawaipendi. Ameniandikia dawa ya jamii nyingine, kali. Akasimama mlangoni na kunikazia macho. Kipimo ni kipimo. Kinachobaki nisimwage ovyo. Kuku wasikaribie kabisa mpaka aniambie.

Nilisema ndiyo, daktari. Ndiyo mara nyingi.

Jumanne, 8 Aprili

Amekunywa maji. Hajala.

Mama Wairimu amevuka pengo leo. Mara ya kwanza. Aliweka kiganja kwenye paji la Sikukuu kama anavyoshikwa mtoto, akamwambia maneno ya Kikuyu ambayo sikuyaelewa. Akaniletea githeri kwenye sufuria ndogo. Nilikula nikiwa nimesimama. Ninaogopa. Ng'ombe huyu akifa, sina la kuwaambia watu wa Vihiga.

Jumatano, 9 Aprili

Amekula. Si sana, lakini amecheua, na nilikuwa nimesahau jinsi sauti ile ilivyo tamu. Nimemshukuru Mungu kwa Kimaragoli, lugha ambayo siku hizi naongea naye na ng'ombe tu.

Wateja wa maziwa wamekuja na chupa zao nikawarudisha. Mmoja amesema atachukua kwingine kwa sasa. Nimemwambia sawa. Nimegundua kwamba ukiwaondoa wateja na kuku, hakuna anayefika hapa.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo nimenyunyiza ile dawa mpya. Jioni, jua likiwa limepoa.

Kipimo kimechorwa ndani ya kifuniko. Mtungi mmoja wa maji, kifuniko kimoja. Nilipima hadi kwenye mstari. Kisha nikaongeza. Mkono ulikwenda wenyewe. Miaka yote nimepima maziwa na sijawahi kumpa mteja kipimo kikavu, lazima umtilie nyongeza, usipotia anakuona mchoyo. Nikatia nyongeza. Nilipoona kile kiumbe kimelala pale na mbavu zake nje, nikatia nyingine.

Nilimlowesha kuanzia pembe hadi kwato. Masikioni nilipaka kwa kitambaa. Mkiani, kwenye kiwele, katikati ya mapaja. Maji yaliyobaki kwenye pampu nikayamwaga sakafuni, kwenye nyufa, kwa sababu kupe hujificha mle wakingoja. Mengine yalituama kwenye alama za kwato. Nimeamua kuwamaliza hata wajukuu wao.

Kabla ya giza walianza kudondoka. Nilisimama na tochi kuwatazama wakidondoka na nikasikia raha niliyokuwa nimeisahau tangu Mama Ayub afe. Nitalala.

Ijumaa, 11 Aprili

Nililala kupita kiasi. Sijawahi. Nikaamka nikakumbuka hakuna majani, nikachukua panga na mkokoteni nikaenda kukata.

Pengo sikuliziba. Nilikuwa nimesema asubuhi nitaweka mabati pale, kabla kuku hawajaamka. Sikuweka. Nilifikiri juu ya majani tu.

Niliporudi zamu ilikuwa imeshaingia. Walikuwa wamejaa bandani, wanaokota kupe waliokufa sakafuni, wengi kuliko siku yoyote, wanakimbizana. Mheshimiwa alikuwa anakunywa maji kwenye alama ya kwato, anainua kichwa, anameza, anainama tena. Nilipiga kelele nikawafukuza. Mama Wairimu alikuwa kwenye pengo na kikombe chake, akaniuliza leo nimeamkia upande gani wa kitanda. Nikasema Sikukuu anahitaji kupumzika. Nikamjazia maziwa ya pakiti, niliyonunua dukani.

Ningesema pale pale. Nilikuwa nimeshika sufuria na yeye ameshika kikombe, na midomo yetu yote ilikuwa wazi. Nikaongea juu ya mvua.

Mchana Mheshimiwa alikuwa anatembea kama mlevi wa Githurai. Mate yanamtoka. Akakaa chini katikati ya uwanja wao, akashindwa kuinuka.

Jumamosi, 12 Aprili

Wamekufa. Mheshimiwa wa kwanza, kisha wale majike weusi, kisha karibu wote waliopita kwenye pengo.

Waliobaki ni wale waliokuwa wanaatamia na wenye vifaranga, ambao Mama Wairimu alikuwa amewafungia ndani. Nimeyafikiri haya kutwa nzima. Ugonjwa haungechagua wale waliokuja kazini peke yao. Ila mimi ndiye mtu pekee anayejua kwamba kuna kazi iliyowaua.

Majirani walikusanyika ukutani. Wote wakasema kideri. Ni msimu wake, wakasema, na kule Kimbo pia kimeingia. Mama mmoja wa kanisa akasema alikiona kinakuja kwa upepo. Mama Wairimu aliwatazama kuku wake kisha akanitazama mimi, kwa sababu mimi nimefuga mifugo miaka mingi na alitaka nikubali au nikatae.

Nikasema inaweza kuwa kideri.

Yule wa duka akatania kwamba Mluhya ameomboleza leo kuliko mwenye kuku. Watu wakacheka kidogo. Mama Wairimu pia alitabasamu. Nilitamani anitukane.

Tukachimba shimo pamoja nyuma ya banda lake. Mimi nilichimba, yeye aliwalaza mmoja mmoja. Nilimwambia asimwachie mtu yeyote amle hata mmoja. Hilo nilisema vizuri, kwa ukali hata. Akaniita mwema.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Sikuenda.

Sikukuu anakula kama aliye harusini. Hana kupe. Nimemgeuza masikio yote mawili. Safi.

Jumatatu, 14 Aprili

Sitaki kuandika lakini sina mwingine.

Kwa nini nilinyamaza? Si kwa ajili ya kulipa. Ningelipa. Niliogopa kwamba kesho yake pengo litakuwa na mabati, na mabati hayo atakuwa amepigilia yeye. Nilinyamaza ili asiache kuja. Sasa angalia. Haji, kwa sababu hana kuku wa kuwafuata. Wale wenye vifaranga amewafungia wasipate kideri. Asubuhi nilichemsha maziwa nikasimama pale kama mlinzi wa lango. Alipita na ndoo, akanipungia mkono.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeficha ya mwingine.

Jumanne, 15 Aprili

Leo nimeenda kumwambia. Nilivaa shati safi. Nimezunguka kwa mlango wa mbele, kama mgeni.

Nilikuta wamama wa kanisa wamekaa, wamekuja kumpa pole ya kuku na kupanga chakula cha Pasaka. Walinipa kiti na chai. Nikakaa na siri yangu kama mtu aliyekalia yai. Mmoja alisema dawa ya kideri kikishaingia ni kuuza waliobaki kabla hawajafa mkononi. Mwingine akasema mchuuzi wa Githurai 45 anapita Alhamisi kukusanya kuku wa Pasaka. Mama Wairimu alikuwa anasikiliza na kuchezea ukingo wa leso.

Waliobaki ni wazima. Hawana kideri. Hakuna kideri. Sentensi moja tu ingetosha. Nilimaliza chai nikasema asanteni, nikasema mvua ya mwaka huu ni nzuri kwa nyasi za nepia.

Mimi ni mwoga. Mrefu hivi, na mwoga.

Jumatano, 16 Aprili

Daktari amekuja kumtazama Sikukuu. Ameridhika. Akauliza kama kuku walikaa mbali. Nikasema ndiyo, daktari.

Alhamisi, 17 Aprili

Mchuuzi amekuja na pikipiki, matenga mawili nyuma. Nilikuwa nimeamka na nia. Nilijiambia nikisikia mlio wa pikipiki navuka pengo, hata kama kuna askofu.

Nilisikia. Nilivuka. Nilifika hadi kwenye kona ya banda lake. Alikuwa ameshikilia tetea wake wa madoadoa, yule mzee, anamfunga miguu kwa uzi wa katani, polepole, asimwumize. Anamwimbia kwa sauti ya chini. Nilifungua mdomo. Yule mchuuzi akadhani nimekuja kusaidia, akanikabidhi vifaranga kwenye boksi nimshikie.

Nikashika boksi. Ndivyo nilivyowauza kuku wa Mama Wairimu kwa mikono yangu mwenyewe. Baada ya pikipiki kuondoka tulisimama hapo. Kulikuwa kimya, kimya cha uwanja usio na kuku, ambacho sikujua kama kipo. Alifagia manyoya. Akasema sasa Wairimu atafurahi.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Mvua kutwa. Sikumwona mtu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mama Wairimu ameniletea chapati na mukimo, vimefunikwa kwa sahani. Alipita mbele, hakupita kwenye pengo. Akaniambia anahama Jumatano. Wairimu anakuja na pikapu. Nyumba atampangisha mtu wa kiwandani.

Nikasema Thika si mbali. Akasema si mbali. Kutoka hapa Ruiru ni safari fupi kiasi kwamba ukisinzia unapitishwa. Nikajua sitakwenda hata siku moja. Mjane wa Kikuyu kwa binti yake, na mimi nibishe hodi niseme nimefuata nini? Kuku walikuwa wanatusitiri. Wakija, yeye anawafuata, na hakuna jirani aliyeuliza swali.

Nimekula chapati zote. Nilikuwa na njaa, na pia sikutaka zibaki zinitazame.

Jumanne, 22 Aprili

Nimemwambia.

Alikuwa peke yake, anafunga vyombo kwa magazeti. Sikukaa. Nilisema kila kitu kwa mpigo, nimetazama ukuta: dawa, nyongeza, maji kwenye alama za kwato, pengo ambalo sikuliziba, kwamba haikuwa kideri, kwamba wale aliouza walikuwa wazima. Kwamba nilijua tangu Ijumaa ile. Nikasema nitamnunulia wengine, nitawatafuta hata wa madoadoa. Nikasema anisamehe.

Aliendelea kufunga kikombe. Alikifunga, akakiweka ndani ya boksi, akachukua kingine. Nikadhani hakunisikia. Kisha akaniuliza kama ng'ombe amepona kabisa. Nikasema amepona. Akasema angalau.

Nikamwambia najua nimemwondolea sababu ya kukaa.

Hapo ndipo alipoweka kikombe chini. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyerudia darasa.

"Baba Ayub, kwani wewe ulidhani ni kuku walikuwa wananikalisha hapa?"

Nilihisi masikio yanawaka. Nilielewa pale, kwa mara moja, asubuhi zote zile, kikombe cha turungi ambacho kila siku kilikuja hakina maziwa ilhali duka liko mlangoni kwake. Nikasema basi kaa. Nilisema kwa sauti ndogo lakini nilisema. Mama Wairimu, basi kaa.

Akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira. Ningependa awe na hasira.

"Umeniona nikifunga miguu ya kuku wazima, ukanishikia boksi. Mwanaume wa kunyamaza nilishazika mmoja. Siwezi kuanza upya."

Akaniomba nimsogezee ile meza karibu na mlango, kwa sababu ni nzito. Nikaisogeza.

Jumatano, 23 Aprili

Pikapu ilikuja asubuhi. Nilisaidia kupakia. Wairimu alinishukuru kwa kumwangalia mama yake miaka yote hii. Mama Wairimu alinipa mkono, akasema nimsalimie Ayub. Mkono wake ulikuwa na vumbi la magazeti.

Jumapili, 27 Aprili

Mpangaji amehamia. Kijana wa zamu ya usiku, analala mchana. Nimemsalimia. Ana adabu. Ameziba pengo kwa mabati bila kuniuliza, anasema ni kwa usalama. Nilimshikia misumari.

Ayub amepiga simu. Umekula, umelala, utaenda nyumbani lini? Nilitaka kumwambia. Nikamwambia ng'ombe amepona.

Jumatatu, 5 Mei

Nimekamua. Maziwa yamerudi, na daktari ameniruhusu kuuza, na wateja wawili watatu wamerudi na chupa zao. Napima hadi kwenye mstari. Yule mama wa ghorofani amenitania kwamba siku hizi nimekuwa mchoyo.

Nyasi za molasi zimeshika vizuri kuzunguka banda. Zina harufu tamu jioni. Dawa naipiga kila wiki, kwa kipimo, na kinachobaki nakifukia kwenye shimo la mbali. Daktari amesema banda langu linafaa kuonyeshwa wafugaji wengine.

Asubuhi ya leo, kazi zote zilipoisha, nilivuta kigoda nikakaa karibu na Sikukuu. Nikamshika sikio la kulia, nikalikunjua. Nikapitisha kidole hadi ndani. Sikio la kushoto pia. Nikaangalia chini ya mkia, kwenye mapaja, chini ya shingo ambako ngozi inakunjamana. Nikavaa miwani nikarudia. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya mabati ya jirani.

Nilikuwa natafuta kupe, hata mmoja. Sikumpata.